Ganzi ya Mkono Usiku: Daktari Aushike Mkono Wako

Wengi wetu twamjua mama anayezinduka usiku wa manane mkono umemfa ganzi, akaukung'uta kama akung'utaye maji, kisha akalala tena. Akiulizwa asubuhi husema ni baridi, au damu haitembei, au ni umri. Miezi hupita hivyo hivyo, mpaka siku kikombe kimponyoke mkononi.

Huenda si damu wala umri. Penye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, mna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na kufunikwa kwa utepe mgumu. Humo hupita kano tisa zikunjazo vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Njia ikibana, mshipa huumia. Maradhi haya huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa wakati wa ujauzito, na pia wenye kisukari au upungufu wa homoni za tezi ya koo. Kazi zinazokikunja kifundo kwa nguvu na kwa kurudiarudia nazo huyachochea.

Twaliandika hili kwa kuwa uchunguzi wa awali hauhitaji mashine. Wala hauhitaji kuvua nguo. Kukunja mkono wa buibui kwatosha.

Daktari huanza kwa kuuliza ni vidole vipi. Mshipa huu huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina mshipa wake mwingine. Kikiwa ndicho kinachokufa ganzi, sababu itafutwe kwingine, pengine kwenye kiwiko au shingoni. Kule kukung'uta mkono usiku nako ni dalili, basi usikuache bila kukutaja.

Kisha hukuambia uinamishe viganja, migongo ya mikono ikikutana, utulie hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, ni ishara. Kipimo hiki kina jina la Phalen, daktari mpasuaji wa Marekani. Kingine ni cha Mfaransa Tinel, aliyekieleza mwaka 1915 alipokuwa akitibu majeruhi wa vita: hugongwagongwa taratibu juu ya mshipa, uone kama mchonyoto utaruka hadi vidoleni. Hiki huwakosa wagonjwa wengi, kwa hiyo kutohisi kitu si hati ya uzima. Cha tatu ni kuibonyeza njia ile kwa kidole gumba kwa nusu dakika. Hakuna hata kimoja kinachokata shauri peke yake.

Lakini kipimo tunachokihofia zaidi ni cha macho. Daktari huulinganisha mnofu ulio chini ya kidole gumba, mkono kwa mkono, kisha hukutaka uweke kiganja juu, uinue kidole gumba kuelekea dari huku yeye akikisukuma chini. Mnofu ukiwa umebonyea na kidole hakina nguvu, mshipa umeshadhurika, na kungoja zaidi ni hatari: nguvu iliyopotea huenda isirudi yote hata baada ya upasuaji. Aliyewahiwa mapema, mara nyingi huanza kwa kifaa cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala tu, na mjamzito wengi wao hupata nafuu baada ya kujifungua, inshaallah.

Kabla ya kwenda, chora mkono wako kwenye karatasi, utie wino vidole vinavyokufa ganzi, uichukue karatasi hiyo kwa daktari.