Uchideshi: nilienda kujifunza aikido, nikaanza na tambara

Wadau, tangu nirudi kutoka Japani swali ni lile lile: "Tuonyeshe mateke basi!" Kwanza aikido si mchezo wa mateke. Pili, somo langu la kwanza lilikuwa kukamua tambara.

Nilikaa miezi sita kama uchideshi, yaani mwanafunzi anayelala na kula kwa mwalimu. Desturi hii ni ya siku nyingi. Morihei Ueshiba, mwasisi wa aikido, alihamia Iwama mwaka 1942, akawa analima na kufundisha. Morihiro Saito alianza kujifunza kwake 1946, akamtumikia mpaka mzee alipofariki 1969. Baadaye Saito mwenyewe alipokea uchideshi kutoka nchi kibao, hadi alipofariki 2002.

Sisi tulikuwa watano. Saa kumi na moja alfajiri tuko macho. Mikeka ya tatami inafagiliwa kufuata mlalo wa nyasi, ukikatiza unaiharibu. Sakafu ya mbao ndiyo balaa: tambara bichi chini ya viganja, kiuno juu, unakimbia umeinama mpaka ukutani na kurudi. Mapaja yaliwaka kuliko mazoezini! Jioni kuoga: unajisugua pembeni kwanza, ndipo unaingia kwenye maji ya moto, na maji ni hayo hayo kwa wote. Anaanza mwalimu, anamalizia mgeni. Mgeni ni mimi, na kusugua bafu pia ni mimi.

Siku moja nilisahau kuwasha jiko la wali. Watu wametoka mazoezini na njaa, sufuria ina mchele na maji baridi. Hakuna aliyenifokea. Sempai wangu, yaani aliyenitangulia, akapiga magoti kwa mwalimu akaomba radhi yeye, maana kosa la mdogo ni la mkubwa aliyemfundisha. Jamani, bora wangenizaba kofi.

Sasa mtauliza, huo si uhausiboi tu? Hata mimi niliwaza hivyo, hasa kwa vile nilikuwa nalipia malazi. Lakini mwalimu alishika ufagio na sisi, na kipindi cha mazoezi hakikuliwa na kazi hata siku moja. Ningeyakosa hayo mawili, ningefungasha.

Kwa hiyo anayetaka kwenda aulize mapema: malazi bei gani, mazoezi saa ngapi kwa siku, nani anafagia. Halafu abebe soksi nzito za kulalia, dojo kule Januari ni friji.