Kivuli, Samadi na Alama Nilizowanyima Wanafunzi

Yapo makosa ambayo mwalimu huyatenda kwa nia njema kabisa, lakini adhabu yake ikawaangukia wanafunzi. Langu hulikumbuka kila nionapo mchicha uliorefuka na kukonda kama ufito.

Nilipokuwa nikifundisha somo la kilimo katika shule moja ya magharibi mwa nchi, shamba la wanafunzi lilikuwa nyuma ya bwalo, chini ya mikaratusi. Mchicha na mgagani, ambao wengi huuita saga, iliota vyema, kisha ikarefuka, ikapauka, ikainama. Nikaamuru samadi iongezwe. Watoto wakasukuma toroli kutoka zizini juma zima, na mboga zisibadilike. Nikahitimisha kwamba ni uvivu wa kupalilia, nikawapunguzia alama. Ndipo msichana mmoja aliponiuliza kwa adabu: "Mwalimu, mbona mchicha uliojiotea kwenye jaa umeupita wetu, na hakuna anayeupalilia?"

Jaa lile lilikuwa juani.

Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga, hewa na maji. Samadi huupa madini, hasa naitrojeni, na huulainisha udongo ukahifadhi maji. Mwanga ukipungua, mmea hushindwa kuitumia naitrojeni yote unayoifyonza, na sehemu yake hulimbikizana majanini ikiwa naitreti. Isitoshe, mizizi ya mikaratusi hushindana na mboga kwa maji na rutuba. Kumbe tulikuwa tukiilisha mikaratusi!

Wala mboga zote hazifanani. Mchicha na mgagani hutumia mwanga kwa njia iliyo sawa na ya mahindi, ndiyo sababu hustawi kwenye jua kali. Sukuma wiki na spinachi huvumilia kivuli chepesi, na miche iliyotoka kuhamishwa hukihitaji, hasa penye joto kama la Pwani. Samadi nayo ina masharti yake: iliyo mbichi huunguza miche, ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, na iliyojaa mabua makavu huweza kuzifanya mboga kuwa manjano kwa muda, maana vijidudu vinavyoyaozesha mabua huitwaa naitrojeni kwanza.

Walimu wenzangu, haya hayafundishiki ubaoni tu. Gaweni shamba vitalu 4: penye jua na samadi, penye jua bila samadi, penye kivuli na samadi, penye kivuli bila samadi. Mbegu ziwe za aina moja, maji yawe kipimo kimoja. Wanafunzi wapime urefu wa shina na upana wa jani kila juma, kisha wapime uzito wa mavuno mara mbili, yakiwa mabichi na yakisha kukaushwa. Nasisitiza hili la kukausha, kwani jani la kivulini mara nyingi huwa pana, jembamba na lenye maji mengi, nalo humhadaa mtazamaji.

Shuleni petu, mahali palipokuwa na jua la kutosha ni mbele ya ofisi, palipooteshwa nyasi za mapambo. Nilibembeleza muhula mzima ndipo nikapewa kipande kidogo pembeni. Mchicha wake ulitosha chakula cha mchana cha darasa zima. Wale niliowapunguzia alama, pamoja na yule msichana, walikuwa wamekwisha kuondoka.