Uhuru Angani: Neno Moja, Upatanisho wa Namna Tatu

Mwalimu mmoja wa Miteja, wilayani Kilwa, ametuuliza maswali mawili. Je, mwanafunzi aandike "Uhuru ulirushwa" au "Uhuru ilirushwa" aelezapo habari za setilaiti? Na je, jina "Uhura" ni kosa la chapa? Maswali haya yawahusu pia wafasiri na watumishi wa serikali.

Neno uhuru latokana na huru, lenye asili ya Kiarabu, yaani asiye mtumwa. Kwa watu wa Kilwa, ambako misafara ya watumwa ilipita na ambako Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa, neno hili si jepesi. Likiwa jina la dhana, huchukua kiambishi u-: uhuru wa Tanganyika ulipatikana tarehe 9 Desemba, 1961.

Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya iliposherehekea miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Hapa neno limekuwa jina la setilaiti, nalo hufuata upatanisho wa setilaiti: Uhuru ilirushwa. Mwanafunzi aandikaye "Uhuru ulirushwa" huchanganya chombo na dhana.

Uhura ni jambo la tatu. Mwaka 1966, Wamarekani weusi wakiwa katika harakati za kudai haki, mchezo wa mfululizo wa televisheni uitwao Star Trek ulimwonyesha mwanamke mweusi akiwa ofisa wa mawasiliano katika chombo cha anga za juu. Jina lake lilichongwa kutokana na neno letu, irabu ya mwisho ikabadilishwa. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba Martin Luther King alimsihi asiiache kazi hiyo. Kuanzia 1977 aliisaidia NASA kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Basi, sanaa ilitangulia, wanaanga wakafuata.

Kwa hiyo Uhura si kosa la chapa, na mfasiri asilisahihishe. Aandike: Uhura anapokea ujumbe. Twashauri walimu waifundishe mifano hii mitatu pamoja, kwani viambishi u-, i- na a- vyaonyesha wazi safari ya neno letu: kutoka dhana, hadi chombo, hadi mtu.