Muuguzi na Mgonjwa wa Siku Nyingi
Muuguzi wa hospitali kubwa huzoea kazi ya haraka: mgonjwa huja na homa kali, hutibiwa, hurudi kwake. Mwenye ukoma huhitaji uuguzi wa namna nyingine. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za mchanganyiko. Humezwa miezi 6 au 12, na vijidudu hufa. Lakini mshipa wa fahamu uliokwisha kufa haufufuki. Mguu wenye ganzi hukanyaga mwiba shambani mwa mpunga, na mwenyewe hana habari. Basi muuguzi hujifunza upya: asimwoshee mgonjwa vidonda tu, bali amzoeze kutazama nyayo zake kila jioni, kuziloweka majini na kuzipaka mafuta.

Swali: Kwa nini mguu usiouma ni wa hatari?