Pampu ya kisima ikigoma

Hapa Garsen pampu ya mkono ikigoma, akina mama hurudi mtoni kwa mamba na maji ya kuharisha. Na mara nyingi kumbe kilichokufa ni kampira tu.

Afridev, iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, ilitengenezwa ili wanakijiji wenyewe waifungue kwa spana moja. Asubuhi ukipiga mpini mara nyingi ndipo maji yatoke, kisha yakaja vizuri, basi huenda valvu ya chini inavuja, maji yameshuka usiku. Yakiwa kidogo siku nzima, tazama mpira wa pistoni, manake huo huliwa upesi. Mpini ukiyumba, badilisheni busi mapema, kabla chuma hakijalika.

Vyuma vikitolewa visilazwe mchangani, tandikeni turubai safi. Kazi ikiisha, kisima kitiwe klorini. Mafuriko kama ya 1997 na 2018 yakifunika kisima, hata pampu isiyo na kasoro isinywewe kabla ya dawa.

Na pesa za mipira? Kila nyumba ichange kidogo kila mwezi, na mweka hazina awe mama anayeteka hapo. Wanaume wa kamati watatusamehe.