Saa na Kumbukumbu katika Mita ya LUKU

Katika nyumba nyingi za Kimara, kando ya Barabara ya Morogoro, umeme hulipiwa kabla ya kutumiwa. Mnunuzi hupewa tarakimu 20, huzibonyeza kwenye mita, na yuniti zake huongezeka. Kwa kazi hiyo mita haihitaji kuwasiliana na ofisi iliyouza umeme. Je, hujuaje kwamba tarakimu hizo ni halali, na kwamba hazikutumiwa jana?

Jibu limo katika kanuni ya kimataifa iitwayo STS, iliyoanzia Afrika Kusini, ambayo hufuatwa na mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Tarakimu 20 ni vazi la nje tu. Ndani yake zimo biti 66, kila biti ikiwa ama 0 ama 1. Biti 16 hutaja kiasi cha umeme. 16 nyingine hukagua makosa. 10 hubeba aina ya ujumbe pamoja na namba ya kubahatisha. Na 24 zilizobaki hutaja wakati. Ujumbe huo hufumbwa kwa ufunguo wa siri wa mita inayohusika, hivyo mita ya jirani haiwezi kuufumbua.

Wakati huo huhesabiwa kwa dakika tangu siku maalumu, ambayo hapo awali ilikuwa tarehe 1 Januari 1993. Mita huweka daftari la namba za wakati ilizokwisha kupokea. Ikiletewa namba iliyomo daftarini, huikataa. Daftari likijaa, hukataa pia namba iliyo ndogo kuliko zote zilizomo.

Hapa mtunzi wa programu hukabiliwa na swali gumu: lipi litangulie, kuongeza yuniti au kuandika daftarini? Yuniti zikitangulia, kisha umeme ukakatika ghafla, tarakimu zilezile zaweza kutumiwa mara ya pili. Daftari likitangulia, mnunuzi atapoteza fedha yake. Kwa hiyo hapana budi matendo hayo mawili yafungwe pamoja: ama yote yakamilike, ama yote yafutwe umeme urudipo. Kadhalika, daftari lenyewe sharti liwe katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukatikapo.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Biti 24 hutoa namba 16,777,216 tu. Dakika hizo ni siku 11,650 na saa 20 hivi, yaani karibu miaka 32. Basi hesabu iliyoanza mwaka 1993 ilikuwa iishe tarehe 24 Novemba 2024 na kurudi sifuri. Mita ambayo haikurekebishwa ingeiona kila tokeni mpya kuwa ya zamani mno, na kuikataa. Nyumba ingebaki gizani ingawa mwenyewe amelipa.

Ndiyo maana katika mwaka 2024 wateja wa TANESCO walipewa makundi ya ziada ya tarakimu, ya kuingizwa kabla ya zile za umeme. Makundi hayo yalibadili ufunguo wa mita na kufuta daftari la zamani, ili hesabu ianzie tarehe 1 Januari 2014.

Mwanafunzi na akokotoe: hesabu hii mpya nayo itakwisha tarehe gani? Atakayekumbuka miaka mirefu atapata 24 Novemba 2045. Wanaotengeneza mita za leo wanapaswa kuikumbuka tarehe hiyo.