Mama, Zungumza na Mwanao Kuhusu Bangi
Nyangamara ni mbali na Cape Town, ambako watu huandamana mwezi Mei wakidai bangi iruhusiwe. Lakini redio na simu hufika kwetu. Vijana wamesikia kwamba mwaka 2018 mahakama ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuivuta faraghani, na kwamba mwaka 2022 Profesa Wajackoyah wa Kenya aliomba urais akiahidi kuihalalisha.

Akina mama wenzetu, tusinyamaze, wasije wakafundishwa vijiweni. Sheria yetu ya mwaka 2015 bado inakataza kuilima, kuiuza na kuivuta. Tena ubongo wa kijana ungali unakua.

Ukinusa moshi nguoni mwa mwanao, usimfukuze. Mketishe, mwulize kwa upole, msikilize. Kisha tumwombee.